Umaarufu wa Hidetoshi Nakata: aliwakimbia waandishi, nao wakamfuata hadi Perugia

Mpiga Kona (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Siku chache zilizopita, katika uzi uliohusu wachezaji bora waliowahi kutoka Asia, mdau mmoja aliandika kwamba Hidetoshi Nakata, yule kiungo wa zamani wa Japani, ni jina lililokuzwa na wauza jezi, kwa sababu mtu aliyefunga mabao 11 katika mechi 77 za timu ya taifa hawezi kutiwa kapu moja na magwiji. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, nikaona ni ustaarabu nilifungulie mlango wake. Sikatai kwamba jezi ziliuzwa, tena kwa wingi. Ninachokataa ni kuyafanya matokeo yawe chanzo. Nakata alipendwa, na bado anapendwa, kwa sababu alikataa kuishi kama nyota walivyotakiwa kuishi: hakubembeleza waandishi, hakubembeleza mashabiki, na siku aliyoona inatosha aliondoka bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tuanzie kwao. Nakata alizaliwa tarehe 22 Januari 1977 mjini Kofu, katika mkoa wa Yamanashi, kaskazini mwa Mlima Fuji. Alisoma sekondari ya Nirasaki, shule yenye jina katika soka la vijana, na mwaka 1995 akajiunga na Bellmare Hiratsuka. Ligi ya kulipwa ya Japani ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, kwa kuwa ilianza Mei 1993, na nchi nzima ilikuwa bado inauguza kidonda cha Doha, ambako Oktoba ya mwaka huohuo Iraki ilisawazisha katika dakika za majeruhi, matokeo yakawa 2-2, na Japani ikakosa tiketi ya Kombe la Dunia la 1994 iliyokuwa tayari mkononi. Anayetaka kuyaelewa mapenzi ya Wajapani kwa Nakata hana budi kuanzia kwenye kidonda hicho, maana yeye ndiye aliyekuja kukifunga.

Alikifunga tarehe 16 Novemba 1997 huko Johor Bahru, Malaysia, katika mechi ya mchujo dhidi ya Iran. Alikuwa na miaka 20. Japani ilishinda 3-2 kwa bao la dhahabu, yaani bao la muda wa nyongeza lililokuwa likimaliza mechi palepale, na mabao yote matatu yalipitia miguuni mwake: la kwanza alimtengea Masashi Nakayama, la pili alimpigia krosi Shoji Jo aliyefunga kwa kichwa, na la tatu, katika dakika ya 118, lilitokana na shuti lake lililotemwa na kipa, Masayuki Okano akauwahi mpira na kuusukumia wavuni. Kwa mara ya kwanza katika historia yake Japani ikaenda Kombe la Dunia. Mwaka huo Nakata alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Asia, na mwaka uliofuata akachaguliwa tena.

Kilichofuata kinaieleza tabia yake kuliko bao lolote. Mwanzoni mwa mwaka 1998 maneno yake kuhusu Kimigayo, wimbo wa taifa wa Japani, yalichapishwa gazetini, na makundi ya mrengo wa kulia yakamjia juu. Tangu hapo akayapa magazeti mgongo. Mwaka huohuo akafungua tovuti yake, nakata.net, akawa anawaandikia mashabiki moja kwa moja, bila mwandishi wa kukata sentensi yake katikati. Leo kila mchezaji ana ukurasa wake na hatuoni ajabu. Mwaka 1998 wengi wetu humu tulikuwa tunamjua mchezaji kwa kile tu ambacho mhariri wa michezo aliamua tukijue. Waandishi wa Japani walimlalamikia kwamba ana kiburi, lakini kadiri alivyowanyima maneno ndivyo walivyozidi kumfuata, kwa sababu kinachofichwa ndicho kinachotafutwa.

Walimfuata hadi Italia. Katika Kombe la Dunia la 1998 nchini Ufaransa, Japani ilipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Argentina, Kroatia na Jamaika, lakini kiungo yule mwenye nywele zilizopakwa rangi alikuwa ameonekana, na Perugia, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda kutoka daraja la pili, ikamsajili. Waitaliano wengi walicheka. Mjapani wa kwanza kucheza Serie A, ligi kuu ya Italia, Kazuyoshi Miura, alikuwa amekaa Genoa msimu mmoja wa 1994-95 na kufunga bao moja, kwa hiyo walidhani huyu naye kaletwa kwa ajili ya picha. Tarehe 13 Septemba 1998, katika uwanja wa Renato Curi, mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa dhidi ya Juventus, waliokuwa mabingwa watetezi. Juventus wakatangulia kwa mabao matatu. Kipindi cha pili Nakata akafunga la kwanza, dakika chache baadaye akafunga la pili, na ingawa mechi iliisha kwa Juventus kushinda 4-3, hakuna aliyekumbuka kucheka tena. Alimaliza msimu akiwa na mabao 10 ya ligi, likiwamo lile la tiktaka dhidi ya Piacenza, kutoka dimba la kati, katika ligi ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo ngumu kuliko zote duniani kwa mabeki wake. Perugia haikushuka daraja.

Mji wenyewe uko juu ya kilima katika mkoa wa Umbria, na hadi hapo ulijulikana zaidi kwa chokoleti na kwa chuo kikuu chake cha kufundishia wageni Kiitaliano. Ghafla watalii wa Kijapani wakawa wanapanda kilima hicho kumtazama mtu mmoja, na televisheni za kwao zikawa zinarusha mechi za timu ambayo mwaka mmoja nyuma haikuwa na mtazamaji hata mmoja Tokyo. Naye alikuwa anatoka mazoezini, anawapita wote, anaingia kwenye gari. Ninaona hapo ndipo jina lake lilipopata uzito wake wa pekee, kwa kuwa watu walikuwa wanasafiri saa nyingi kumfuata mtu asiyewaita.

Januari 2000 alihamia Roma, na hapo ndipo wakosoaji wake wanapopata chakula, kwa sababu nafasi aliyoitaka, ile ya nyuma ya washambuliaji, ilikuwa ya Francesco Totti, na Totti hakuwa mtu wa kuondolewa Roma. Juu ya hilo, kanuni iliyobana idadi ya wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya ilimfanya asugue benchi, na mara nyingine hata benchi asilifikie. Kanuni hiyo iliondolewa mwanzoni mwa Mei 2001, siku chache tu kabla ya Roma kwenda Turin kucheza na Juventus, waliokuwa wakiwafukuza katika mbio za ubingwa. Tarehe 6 Mei, ndani ya dakika 6, Del Piero na Zidane walikuwa wameshaifungia Juventus. Kipindi cha pili kocha Fabio Capello akamtoa Totti, nahodha, akamwingiza Nakata. Dakika ya 79 Mjapani akaachia shuti kutoka mbali, mpira ukazama wavuni, na mwishoni kabisa Vincenzo Montella akasawazisha. Tarehe 17 Juni Roma wakatwaa ubingwa wao wa tatu katika historia.

Baada ya hapo alikwenda Parma kwa ada iliyobaki kuwa rekodi kwa mchezaji wa Asia hadi Son Heung-min alipohamia Tottenham mwaka 2015, akachukua nao Kombe la Italia mwaka 2002, kisha akapita Bologna, Fiorentina na Bolton. Sitaki kukaa sana hapo. Mwaka 2004, Pelé alipotaja orodha yake ya wachezaji bora walio hai, Waasia walikuwa wawili tu: Hong Myung-bo wa Korea Kusini na Nakata.

Karibuni, ila tafadhali tubaki kwenye mada.


Namba Hazidanganyi

Mkuu Mpiga Kona, huyo mdau ni mimi, na sina sababu ya kujificha. Nakushukuru kwa kunijibu kwa heshima, lakini umefanya kile ambacho mawakili wazuri hufanya, yaani umekaa muda mrefu kwenye kurasa zinazokufaa na kuzipita kwa mbio zile zisizokufaa. Ulisema hutaki kukaa sana Bologna, Fiorentina na Bolton. Mimi nitakaa. Baada ya yale mabao 10 ya msimu wa kwanza, Nakata hakuwahi tena kufikia idadi hiyo katika msimu wowote wa ligi barani Ulaya. Fiorentina alimaliza msimu wa 2004-05 bila bao hata moja la ligi. Bolton alifunga bao moja la ligi, dhidi ya West Bromwich Albion. Ukichukua kiungo mshambuliaji wa Kiitaliano mwenye hesabu hizo, hakuna mtu angemfungulia uzi leo.

Umaarufu si dhambi, na sisemi alikuwa mchezaji mbovu. Ninasema kwamba jina lake ni kubwa kuliko kazi yake.


Kocha wa Mtaani

Ndugu zangu, nyote wawili mmemsahau mtu muhimu katika hadithi hii, naye ni Luciano Gaucci, aliyekuwa rais wa Perugia. Huyu alikuwa mfanyabiashara hasa. Baada ya Nakata kuondoka aliwaleta Ma Mingyu kutoka China na Ahn Jung-hwan kutoka Korea Kusini, na mwaka 2003 akamsajili hata Al-Saadi Gaddafi, mtoto wa kiongozi wa Libya. Ahn alipoifungia Korea Kusini bao la dhahabu lililoitoa Italia katika Kombe la Dunia la 2002, Gaucci alitangaza hadharani kwamba hamtaki tena, jambo ambalo hadi leo likitajwa watu wa Perugia hutikisa vichwa. Kwa hiyo hoja ya biashara haiwezi kupuuzwa, kwa kuwa mwenye duka alikuwepo na alijua anauza nini.

Lakini hebu liangalieni jambo hili kwa upande wa pili. Gaucci alijaribu kichocheo kilekile mara tatu baada ya Nakata. Alileta soko la China, soko kubwa kuliko la Japani kwa watu, na hakupata kitu. Alimleta Ahn, mwenye sura ambayo wauza matangazo walikuwa wakiigombania, na hakupata Nakata mwingine. Kama ni jezi tu, kwa nini jezi za wengine hazikununuliwa vilevile? Namba Hazidanganyi, naomba unijibu hilo kwa namba.


Mguu wa Kushoto

Naona mnazungumzia umaarufu na mapenzi kana kwamba ni kitu kimoja. Nakata alikuwa maarufu, hilo sibishani nalo. Aliyependwa ni Shunsuke Nakamura, kiungo mwenzake wa Japani. Kocha wa Japani, Philippe Troussier, alimwacha nje ya kikosi cha Kombe la Dunia la 2002 lililochezwa nyumbani kwake, na hilo pekee lilitosha kumpatia huruma ya nusu ya nchi. Alikwenda Reggina ya Italia, kisha Celtic ya Uskoti, na tarehe 21 Novemba 2006 akapiga mpira wa adhabu uliowafunga Manchester United 1-0 na kuipeleka Celtic hatua ya mtoano ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Nendeni Glasgow mkataje jina lake mbele ya mzee yeyote wa Celtic Park, mtaona atakavyowashika mkono. Alicheza hadi mwaka 2022, akiwa na miaka 44, akatundikia daluga nyumbani kwao Yokohama.

Naye Kazu Miura, aliyekatwa kwenye kikosi cha 1998 na kocha Takeshi Okada, aliendelea kucheza hadi umri ambao wenzake wamekuwa mababu. Hawa wawili waliupenda mpira na mpira ukawapenda. Nakata aliuacha mpira kama mtu anayeshuka kwenye daladala kituoni kwake. Ninamheshimu kwa hilo, lakini moyo wangu haumfuati.


Dada wa Nagoya

Habari zenu, kaka zangu. Mimi ninaishi Japani kwa mwaka wa tisa sasa, na ninaomba niongeze kitu ambacho kutoka mbali ni vigumu kukiona.

Wenzangu kazini waliozaliwa karibu na mwaka 2000 hawakuwahi kumwona Nakata akicheza. Walipokuwa wanaanza shule ya msingi yeye alikuwa ameshaondoka. Hata hivyo wanamjua, na wanamjua kwa mambo mengine kabisa. Baada ya kustaafu alizunguka dunia kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2009 akaanza safari ya kuizunguka Japani yenyewe, mikoa yote 47, akianzia Okinawa kusini na kumalizia Hokkaido kaskazini, safari iliyomchukua zaidi ya miaka sita. Alikuwa anawatembelea wafinyanzi, mafundi wa vyombo vya kupakwa ulimbo, watengeneza karatasi za mkono, wakulima, na zaidi ya wote watengenezaji wa sake, yaani pombe ya mchele. Wasioitumia mniwie radhi, ninaeleza tu. Mwaka 2015 alianzisha Japan Craft Sake Company, na tangu mwaka 2016 pana tamasha la sake linalofanyika Roppongi, katikati ya Tokyo, ambalo yeye ndiye mwenyeji wake. Ukienda pale utaona vijana wanapanga foleni kununua vikombe, na wazazi wao wamesimama pembeni wanamtazama mwenye tamasha. Mara moja nilisimama karibu na baba mmoja aliyekuwa akimwonyesha binti yake kwa kidole, na binti akauliza kama yule bwana ni mtengeneza sake.

Kuhusu ukimya wake, Mpiga Kona, nakubaliana nawe kwa sehemu. Ukimya ule ulikuwa na ofisi. Kampuni ya Sunny Side Up ndiyo iliyokuwa ikisimamia jina lake, na ilijua ni wapi aonekane na ni wapi asionekane. Alipokuwa bado mchezaji, kampuni ya vitafunwa ya Tohato ilimpa wadhifa wa kusimamia chapa yake, na hakupewa awe sura ya kwenye pakiti tu. Mwaka 2002 alikuwa katika tangazo lile maarufu la Nike la mashindano ya siri ndani ya kizimba, Eric Cantona akiwa mwamuzi, yeye akiwa timu moja na Totti na Thierry Henry. Mtu anayekimbia kamera haingii kwenye kizimba kile. Alichokikimbia ni kalamu ya mtu mwingine. Kamera aliyoikubali mwenyewe hakuiogopa.

Na kaka Mguu wa Kushoto, hapa watu wa makamo wanamkumbuka Nakamura kwa upole na wanamcheka Kazu kwa mapenzi, kama anavyochekwa mjomba asiyetaka kuondoka kwenye sherehe. Nakata wanamtaja kwa sauti nyingine. Wanasema alikuwa wa kwanza kuwafanya waamini kwamba Mjapani anaweza kwenda Ulaya asiende kama mgeni. Lakini naye Yasuhiko Okudera alitangulia, akachukua ubingwa wa Ujerumani akiwa na Köln mwaka 1978, na leo ni wachache wanaomtaja. Nadhani tofauti ni televisheni.


Mwanagenzi wa Nairobi

Dada wa Nagoya, ahsante sana, hilo la Okudera nilikuwa silijui.

Sisi Wakenya tunaielewa hali hii kwa kiasi chake, kwa sababu McDonald Mariga alipokwenda Parma mwaka 2007, mtaani kwetu Parma iligeuka kuwa timu ya nyumbani kwa usiku mmoja. Watu ambao hawakuwahi kuitazama Serie A walijua hata jina la uwanja wa Tardini. Alipohamia Inter Januari 2010 tukahama naye, na Inter ilipochukua Ligi ya Mabingwa mwaka huo tulisherehekea kana kwamba kombe limeshuka Jomo Kenyatta. Ilikuwa Parma hiyohiyo ambako Wajapani walikuwa wamemfuata Nakata miaka michache kabla. Nataja hili kwa sababu ya hoja ya namba: Mariga hakuwa anafunga mabao, na hakuna hata mmoja wetu aliyemdai.

Nina maswali mawili kwa mleta uzi. Kwanza, ni kweli kwamba mwaka 2001 aliiacha timu ya taifa kabla ya fainali na kurudi Roma? Pili, kwa nini hasa aliacha akiwa na miaka 29? Mchezaji mwenye umri huo bado ana mkataba mmoja mkubwa mbele yake.


Mpiga Kona

Nitajibu kwa mpangilio wa maswali, na ndani yake nitamgusa Namba Hazidanganyi na Mguu wa Kushoto.

La kwanza ni kweli. Katika Kombe la Mabara la 2001 Japani iliitoa Australia kwenye nusu fainali, 1-0, mjini Yokohama, chini ya mvua kubwa, na bao hilo lilikuwa la mpira wa adhabu alioupiga Nakata. Fainali dhidi ya Ufaransa ilikuwa tarehe 10 Juni, lakini yeye alikuwa ameshapanda ndege kurudi Italia, ambako Roma walikuwa hawajakamilisha ubingwa. Japani ilipoteza 1-0 kwa bao la Patrick Vieira. Mchezaji mwingine yeyote angechomwa magazetini mwaka mzima. Yeye alilaumiwa, kisha mwaka uliofuata akaingia Kombe la Dunia akiwa bado ndiye aliyebeba matumaini ya nchi, akafunga kwa kichwa dhidi ya Tunisia mjini Osaka, na Japani ikavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza kabla ya kutolewa na Uturuki. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi uhusiano wake na watu wa kwao ulivyokuwa: walijua kwamba hakuwa akijitoa kwa ajili yao, na walimkubali hivyohivyo.

La pili linahitaji nafasi zaidi. Mwaka 2006 nchini Ujerumani, Japani chini ya kocha Zico ilifungwa na Australia 3-1, mabao yote matatu yakiingia katika dakika za mwisho, ikatoka 0-0 na Kroatia, na tarehe 22 Juni ikakutana na Brazil mjini Dortmund. Keiji Tamada alitangulia kufunga, kisha Brazil wakafunga manne, mawili ya Ronaldo. Kipenga cha mwisho kilipolia wachezaji walisalimiana na kuondoka. Nakata alilala chali katikati ya uwanja. Alikaa pale dakika nyingi, uwanja ukipungua watu, peke yake kwenye nyasi. Watazamaji wa Japani walidhani anaomboleza matokeo. Tarehe 3 Julai, kwenye tovuti ileile aliyoifungua mwaka 1998, aliweka barua ya kuaga, yenye kichwa kinachosema maisha ni safari na safari ni maisha, akaeleza kwamba alikuwa ameamua tangu miezi sita nyuma kuwa Kombe lile la Dunia ndilo la mwisho. Hakuwa ameumia. Hakuitisha waandishi. Wahariri wa Tokyo waliisoma habari hiyo pamoja na watoto wa shule.

Kwa hiyo, Mguu wa Kushoto, mfano wako wa daladala ni mzuri, ila abiria huyu alijua kituo chake tangu alipopanda na hakumwambia hata kondakta. Na Namba Hazidanganyi, kushuka huko kwa mabao unakokutaja, Fiorentina na Bolton, kulitokea kwa mtu ambaye pengine kichwani alikuwa ameanza kukusanya mizigo yake. Angeendelea miaka mitano zaidi tungemwona akizeeka kidogo kidogo katika timu za katikati ya jedwali, kama tunavyowaona wengi. Hatukuliona hilo. Tuliona Perugia, tukaona Turin, tukamwona amelala Dortmund, basi.

Dada wa Nagoya, sentensi yako kwamba ukimya wake ulikuwa na ofisi imenishinda. Ninaikubali, na ninaona inaisaidia hoja yangu kuliko kuivunja, kwa sababu kabla yake ofisi za namna hiyo zilikuwa kazini kumfanya nyota apatikane, na yake ilikuwa kazini kumfanya asipatikane.


Kocha wa Mtaani

Bado ninasubiri namba zangu.


Namba Hazidanganyi

Kocha, namba za jezi sina, na sitazibuni ili nikufurahishe. Nimeshindwa kukujibu kuhusu Ma Mingyu na Ahn, nakiri.

Usiku wa jana niliitafuta mechi ya tarehe 6 Mei 2001 nikaitazama kuanzia Nakata anapoingia hadi mwisho. Mpiga Kona, umeandika kwamba alifunga la kwanza na kwamba Montella akasawazisha, ukaishia hapo. Umemdhulumu mtu wako mwenyewe. Bao la kusawazisha lilianza na Nakata tena. Alipiga shuti lingine kutoka mbali, kipa wa Juventus, Edwin van der Sar, akalitema, na mpira ukamwangukia Montella, ambaye hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuurudisha wavuni. Ni bao lilelile la Johor Bahru, la Okano, likiwa limevaa jezi ya Roma. Nimerudi kwenye takwimu za mechi hiyo, na kwenye mstari wa dakika ya 90 limeandikwa jina la Montella peke yake.